Siku 1,184 Bila Kuzimwa

Jumatatu, 4 Machi

Siku 1,184! Nimebadilisha tarakimu ubaoni hata kabla ya kuvua koti. Seva yangu, kompyuta kuu yenye mfumo wa Linux na kumbukumbu zote za hospitali hii ya macho, haijazimwa tangu nilipokabidhiwa. Ubao uko mlangoni, kila apitaye auone.

Ng'ambo ya korido, mlangoni pa stoo ya dawa, kuna ubao mwingine: 1,190. Huo ni wa shemeji, kaka wa mke wangu, mtunza seva ya stoo. Alianza siku sita kabla yangu. Miaka mitatu na ushei namfukuza kwa siku sita, na kila asubuhi nikiongeza moja, naye kaongeza moja. Nimepiga hesabu kila namna. Nitampita tu siku mashine yake ikizimika. Simwombei mabaya. Namwombea hitilafu ndogo.

Leo balaa. Fundi bomba amegonga ukuta wa chumba changu, akatega sikio, akasema bomba la ndani linavuja na kesho anabomoa. Sista Mkuu akaamuru seva ihamie chumba cha mafaili, mwisho wa korido. Zima, hamisha, washa, akasema, dakika kumi. Kuzima! Kama vile anahamisha stuli. Nikamwambia sawa, Sista. Sawa ya mdomoni.

Mchana akafika mama mkwe. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili; Alhamisi anafanyiwa la kulia. Wamempima, na namba ya lenzi atakayowekewa imeingia kwenye seva yangu. Nilimwamkia kwa adabu zote. Akanitazama begani, akauliza kama mimi ndiye dereva.

Jumanne, 5 Machi

Siku 1,185. Na mashine imehama huku inawaka! Nani kama mimi?

Niliazima kiti cha magurudumu wodini. Seva juu ya kiti, betri ya akiba pale miguuni, bandeji kuifunga isianguke, blanketi juu yake. Betri ina dakika ishirini. Tukaanza safari saa moja asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa. Walishajaa. Mzee mmoja kwenye foleni alisimama akawaamuru wenzake wapishe, huyu hali yake mbaya. Mama mmoja akatupa pole. Nikaipokea. Muuguzi wa zamu akauliza mgonjwa wangu mbona anavuma hivyo. Nikamjibu ni kifua.

Shemeji alitoka stooni na kikombe cha chai, akatuangalia kuanzia magurudumu hadi blanketi, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Wivu tu huo.

Kilichonisumbua ni kizingiti cha chumba cha mafaili. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikasukuma kwa nguvu zote. Kishindo! Kitu ndani ya seva kikasema tk. Nikafunua blanketi. Taa ya kijani inawaka. Sikuuliza zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Siku 1,186. Inawaka, ila hakuna anayeipata. Skrini zote za madaktari zinasema seva haionekani, tangu jana; jana niliwaambia ni uchovu wa kuhama.

Nimebadilisha kebo tatu. Nimeitukana swichi ya mtandao, kisha nikaiomba radhi maana ni nzima. Mwisho nikafungua taarifa za kerneli, kile kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa vyote. Kerneli haina siri, huandika kila kinachoipata. Iliandika wazi: jana, saa moja na dakika kumi na mbili, kadi ya mtandao imetoweka. Ndiyo ile saa ya kizingiti. Kadi imechomoka mahali pake. Dawa yake hata anayeanza kazi leo anaijua: zima, fungua, ikandamize irudi, washa.

Haya niliyajua saa tatu asubuhi. Mpaka saa saba nilikuwa natafuta sababu nyingine. Nimekiondoa kiendeshi cha kadi, yaani programu inayoiendesha, na kukirudisha mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja kerneli imenijibu kwamba hakuna kifaa kama hicho. Ubishi gani huu!

Nikapata wazo. Orodha ya upasuaji wa kesho nitaisoma kwenye skrini ya seva, nitaiandika kwa mkono, nitaipeleka mwenyewe. Mtandao wa miguu! Karatasi ikarudi baada ya robo saa. Muuguzi wa chumba cha upasuaji aliuliza lenzi ya yule bibi wa tatu ni 21 au 27. Yule bibi wa tatu ni mama mkwe. Na mimi mwenyewe niliyeandika sikuweza kusoma. Ni 21. Ilibidi nirudi kwenye skrini kuhakikisha, na jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Lenzi isiyo yake, ndani ya jicho lake, kwa mwandiko wangu!

Daktari mgeni wa upasuaji hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema kwa upole kwamba hapasui jicho la mtu kwa karatasi ile. Seva isipoonekana kesho saa mbili asubuhi, wagonjwa wote kumi na wanne warudi kwao, na yeye hatakuja tena mpaka baada ya wiki sita.

Nikamkuta mama mkwe kwenye benchi la korido, amempakata binti yangu wa miezi minne. Alikuwa akimpapasa uso kwa vidole: paji, pua, kidevu, halafu anaanza tena.

"Mjukuu wangu namjua kwa kulia kwake tu," akaniambia. "Kesho nitamwona, baba."

Nikaenda kukaa chooni.

Alhamisi, 7 Machi

Namba ya leo siiandiki.

Niseme ukweli, shajara haina mdomo. Si ubao tu ulionizuia. Naogopa. Diski iliyozunguka miaka mitatu bila kupumzika, ukiisimamisha huenda isiinuke tena. Nakala za akiba? Nilizikagua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Diski ya nakala ilijaa tangu Agosti. Tangu Agosti mfumo unaniletea onyo kila siku, nami sikufungua hata moja. Kunakili kila kitu upya kunataka saa nne. Nilikuwa na moja na nusu.

Shemeji akaja na bisibisi, bila kuitwa. Nikamwambia haya, furahi, leo umeshinda, 1,193 zako hakuna wa kuzigusa. Akanitazama kama anayetazama mtoto mwenye homa.

"Shemeji," akasema, "mimi yangu naizima kila Jumapili. Ubao ni ubao tu."

Kila Jumapili! Miaka mitatu nimekuwa nikishindana na kalamu! Nilitaka kumkaba. Lakini yeye aliendelea taratibu kwamba huizima ili awe na hakika kuwa itaamka, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akanivutia kiti mbele ya kibodi.

Nikaandika amri. Mashine ikanyamaza. Miaka yote hiyo sijawahi kuisikia kimya. Shemeji akafungua kifuniko. Kadi ilikuwa imening'inia. Nikaikandamiza kwa kidole gumba. Tk. Nikawasha.

Ikaanza kukagua diski. Asilimia kumi. Arobaini. Sitini na tatu. Pale sitini na tatu ikakaa. Dakika moja, dakika tano, dakika kumi na moja! Nilisoma dua zote ninazojua na mbili nilizotunga pale pale. Nje namsikia mama mkwe akimwimbia mtoto. Nikaahidi kwamba ikiamka, sitasema tena uongo, sitashindana na mtu, nakala nitazikagua kila jioni.

Sitini na nne. Kisha ikakimbia mpaka mia. Saa mbili kasoro dakika tatu sauti ya daktari ikasikika koridoni akisema kwamba orodha ameiona, mgonjwa wa kwanza aingie.

Nililia. Sina haja ya kuficha. Shemeji akanipa kitambaa cha kufutia skrini. Mama mkwe aliingia wa tatu, na lenzi yake 21, akatoka na bandeji anauliza kama kuna chai.

Seva ina siku 0. Nimelala mchana kutwa kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 8 Machi

Bandeji imefunguliwa. Mke wangu akamsogeza mtoto. Mama mkwe akamtazama, chozi likamshuka kwenye jicho zima na lisilo zima. Kisha akasema mtoto ni mzuri, masikio tu ndiyo ya baba yake, atayazoea. Akanigeukia mimi, akanipima juu mpaka chini. Akasema kumbe mkwe wake ndiye mimi; siku zote alidhani mimi ni mrefu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mzigo wote uliniondoka kifuani.

Baadaye nikasimama mbele ya ubao wangu na kalamu. Ilitakiwa niandike siku 1. Lakini ubao ni ubao tu, si alisema mwenyewe? Shemeji leo ni 1,194. Nikaandika 1,195. Nimempita! Baada ya miaka mitatu, nimempita!

Mama mkwe, kwenye benchi, hatua kumi kutoka mlangoni, kwa jicho moja, akasoma kwa sauti mpaka foleni nzima ikageuka: elfu moja mia moja tisini na tano. Akauliza, "Si uliizima jana, baba?"

Nimefuta. Nimeiandika upya ile ile 1,195, kwa maandishi madogo zaidi. Jicho la pili anafanyiwa baada ya wiki sita, mpaka hapo hataisoma.

Jioni Sista Mkuu akapita. Fundi bomba amemaliza, ukuta umekauka, Jumatatu seva irudi chumbani kwake. Zima, hamisha, washa. Kuzima? Mashine ya siku 1,195? Nikamwambia sawa, Sista. Kiti cha magurudumu nimeshakificha nyuma ya mlango.