Mrusha Mkuki wa Kalima

Jumatano, 5 Agosti 1987
Kazi yangu ni ubao. Kila asubuhi nauweka mbele ya ofisi ya chama ya mtaa wetu, hapa Kasuku, mjini Kindu, na kuandika kwa chaki habari za timu ya Zaire kwenye Michezo ya Afrika, Nairobi. Redio yangu inakamata vizuri habari za kushindwa. Ikikaribia ushindi, inakoroma. Sitoyeni Tambwe, yaani Raia Tambwe, mkubwa wetu wa ofisi, amesema ubao wangu unahuzunisha raia. Nisipoleta medali, chaki itakwenda kwa mwingine, na nyumba pia, maana ni ya ofisi. Mke wangu Mwanahamisi ameuliza tutalala wapi.

Alhamisi, 6 Agosti
Redio imekoroma tangu asubuhi. Nimefikiri. Kisha nikaandika: OKITO WA KALIMA, MEDALI YA SHABA, KURUSHA MKUKI. Kalima, kwa sababu iko mbali vya kutosha. Mkuki, kwa sababu hakuna mtu Kindu anayejua unarushwa umbali gani. Nimeweka mita sitini na sentimita nne. Sentimita ndizo zinazowafanya watu waamini. Tambwe amesoma mara tatu, akavua kofia. Eti daima alijua. Nyumba haikutajwa tena.

Ijumaa, 7 Agosti
Florentin, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, amekuwa akiutamani ubao wangu miaka miwili. Leo amewaambia watu: “Okito? Miye njo nilimufundisha kurusha, angali mutoto.” Mwongo mkubwa, na siwezi kumsuta. Nikamwuliza Okito anarusha kwa mkono gani. Akasema wa kushoto. Nikasema wa kulia. Tumebishana mpaka adhana ya Ijumaa. Watu wamegawanyika nusu kwa nusu.

Jumapili, 9 Agosti
Tambwe anataka mama wa Okito aletwe apewe kitenge mbele ya raia. Nikasema amekufa, Mungu amrehemu. Akasema basi baba. Nikasema naye pia, wiki hiyohiyo. Tambwe akafuta machozi, akaamuru tangazo lipelekwe Kalima kuwatafuta ndugu wa yatima.

Jumanne, 11 Agosti
Lori la Kalima limeshusha wanawake watatu. Kila mmoja ni mama wa Okito. Tambwe ameniangalia vibaya. Nikamweleza kwamba hawa ni mama wadogo. Wote wamepata vitenge, na kwa amri wamelala kwangu. Usiku Mwanahamisi amenivuta pembeni ya jiko.

“Baba Sharifa, huyu Okito iko kweli?”

Nikamwambia wanawake watatu wamemzaa, naye bado anauliza kama yuko. Hakucheka. Amesema ugali umekwisha.

Ijumaa, 14 Agosti
Okito amefika.

Kijana mrefu, mpole, medali ya bati shingoni, imetobolewa kwa msumari. Mama wote watatu wamemkumbatia wakilia. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni mwongo. Nikakumbuka ni mwongo wangu. Tambwe akampeleka uwanjani arushe mbele ya mtaa mzima. Akarusha kwa mkono wa kushoto. Florentin akabebwa juujuu. Mkuki ulikwenda mita kumi na tisa, ukachoma gurudumu la gari la Tambwe. Nikaeleza kwamba Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi. Wamenipigia makofi kidogo.

Jumamosi, 15 Agosti
Tambwe amesema shujaa hawezi kulala kwa watu. Okito amepewa nyumba, yaani yangu. Mama zake wanabaki naye. Florentin ni mwalimu wa michezo wa mtaa na ndiye anayeshika chaki. Nilikwenda kumwambia Okito peke yake kwamba najua yeye si Okito. Akanijibu kwa heshima: “Baba, miye njo Okito tangu kuzaliwa. Mukuki njo nilianza juma iliyopita.”

Ijumaa, 21 Agosti
Tumehamia kijiji cha Tunda, kwa wakwe zangu, kulima mpunga. Mwanahamisi ameniambia hapa nishike jembe na ninyamaze. Nimekubali kwa moyo wote. Jioni mkuu wa shule amepita kutusalimia, akauliza nilikuwa nafanya nini mjini. Nikasikia mdomo wangu unasema niliogelea Nairobi, kwa timu ya taifa. Amefurahi sana. Kesho asubuhi ataleta shule nzima mtoni kunitazama nikivuka. Sijui kuogelea, lakini usiku bado mrefu.