Sentimita Tano

Jumatatu, 3 Machi

Kocha mpya ameripoti. Mfupi, mkimya, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alitutazama mmoja mmoja, akianzia miguuni, kisha akasema Ijumaa daktari wa timu atatupima urefu upya. Bila viatu! Tarehe 13 mikataba ya msimu mpya inasainiwa. Tuko kumi na wanne, watabaki kumi na wawili.

Fomu ya mwaka jana nilijijazia mwenyewe: sentimita 198. Nilivyo hasa ni 193. Hizo tano nilijiongezea kwa nia njema kabisa, kalamu ilikuwa mkononi na hakuna aliyekuwa akiangalia.

Sasa, kocha wa mpira wa kikapu apime watu urefu halafu abakize wafupi? Haijawahi kutokea. Kwa hiyo nazitaka sentimita zangu tano, ziwe za halali au za namna nyingine. Nina miaka ishirini na miwili na sijui kazi nyingine yoyote. Naogopa, nasema kweli.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwonea huruma Kizibo, yule mfupi kuliko wote timuni. Sentimita 179, na mkono wake wa kushoto ni wa kushikia kikombe tu. Mimi mpira naudunda hata nikifumba macho. Lakini yeye ndiye wa kuachwa, maskini. Nilimshika bega, nikamwambia maisha hayaishii kwenye kikapu. Akaniuliza kama ninaumwa.

Nimesoma kwamba mtu akining'inia, uti wa mgongo hunyooka. Nikaning'inia kwenye bomba la pazia la bafuni. Dakika tatu safi kabisa! Ya nne, bomba, pazia na kipande cha ukuta tukashuka sote. Mama akasimama mlangoni, akasema anakumbuka alizaa mtoto, si tingatinga.

Nikajipima. 193 na nusu. Hiyo nusu ni nundu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelala chali siku mbili, mazoezini nikasingizia tumbo. Nikapata sentimita moja, ikapotea nilipokwenda chooni.

Ikabidi nimwangukie dada. Yeye ni msusi, saluni yake ni chumba chetu cha mbele. Nikamwomba anifichie kitu ndani ya nywele. Sifongo tuliikataa, ubao wa kipimo ungeibonyeza. Mbao nayo ingelia ko! Dada ndiye aliyewaza sabuni. Mche wa sabuni ya kufulia! Akauchonga kwa kisu kufuata umbo la kichwa changu, akaushonea humo kwa uzi, akasukia nywele za bandia juu yake. Ukinitazama huoni kitu.

Akanionyesha kidole. "Usitoe jasho."

Nikamwambia mimi si mjinga. Akasema kesho anasafiri kwenda kusuka watu wa harusi, hatarudi hadi Jumapili, na mshono huo asiuguse mtu.

Ijumaa, 7 Machi

198 na nusu! Daktari alibonyeza ubao mara mbili, akasema nina fuvu gumu. Nikasema ni la urithi. Kocha akaandika.

Kizibo kaandikwa 179 na akawa anacheka tu. Wengine hawajui kinachowangoja.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Sikujua kama kuna mechi ya majaribio. Kocha, karatasi ya vipimo mkononi, akanipanga chini ya kikapu pamoja na majitu. Sijawahi kucheza huko! Walinisukuma kama kabati linalohamishwa.

Dakika ya sita nikasikia harufu ya nguo safi. Ya saba, povu likateremka masikioni, kisha machoni. Sioni! Nikafumba macho, nikaudunda mpira kwa mazoea, nikatoa pasi tatu kwa kufuata sauti za wenzangu. Zote zilifika. Ya nne nilimpa mwamuzi.

Daktari akaja mbio. Nikamwambia ni dawa ya mba. Akauliza inaitwaje. Nikajifanya nimezimia.

Jumatatu, 10 Machi

Jana dada alinifungua. Mche umebaki kama kipande cha kunawia mikono.

Leo kocha kaniita ofisini. Akasema kwa upole kwamba warefu anao saba na anahitaji watano. Mimi nasukumika mno, kwa hiyo niko kwenye wawili wa kuachwa. Nikainuka niondoke. Akavua miwani.

"Lakini zile pasi tatu," akasema. "Hapa sina mchezeshaji anayeweza kuzitoa. Sema wachezeshaji wangu hawavuki mia moja tisini na tano, juu ya hapo mtu anachelewa kugeuka. Ungekuwa mfupi kidogo, namba ingekuwa yako. Sasa nina Kizibo peke yake."

Kizibo!

Nilikaa kwenye ngazi za uwanja nikalia. Mwanamume mzima, sentimita 193.

Jumanne, 11 Machi

Mama kaniuliza kwa nini sigusi chakula. Nikamsimulia yote, tangu fomu hadi sabuni. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho, akanishika mkono.

"Mwanangu, si umwambie tu kocha ulivyo? Akupime mwenyewe, yaishe."

Mama ni mtu mwema, ila mambo ya michezo hayajui. Nikiungama nitaonekana mdanganyifu, halafu iweje? Nimepata njia safi zaidi. Kesho jioni namwendea kocha na kumwambia nimepatwa na ugonjwa wa kupungua urefu. Haurudi nyuma lakini hauambukizi. Barua ya daktari anaiandika dada, mwandiko wake hausomeki kwa hiyo itaaminika. Tangu asubuhi nimebeba gunia la mchele mabegani ili uti wa mgongo ujibane. Nimenyoa kipara. Nimeazima suruali pana, magoti nitayakunja humo humo ndani. Lengo langu ni 188, nisije nikaikaribia 195 yake nikatiliwa shaka.

Nimejaribu mbele ya kioo. Sina kasoro, isipokuwa natetemeka.

Mama yuko nje ya mlango, ananiambia kwa mara ya tatu nikaseme 193, basi. Mia moja tisini na tatu! Kweli mtu aingie ofisini kwa kocha na namba kama hiyo? Nani ataiamini?