Kitambaa cha Kupimia Usafi

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia tarehe mosi, hakuna mtu atakayeruhusiwa kuuza mtandaoni kitu kilichotumika na kukiita "safi" bila idhini ya Idara. Neno hilo sasa liko chini ya usimamizi wa serikali. Muuzaji anaruhusiwa kuandika "kinasubiri kuthibitishwa", na kama ana haraka sana, aandike "kipo".

Tangazo hilo niliandika mimi. Ndimi Mkaguzi Mkuu wa Idara ya Uthibitishaji wa Usafi wa Vitu Vilivyotumika, ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu baada ya choo kilichofungwa. Sisemi hivi kwa majivuno. Nasema ili mtu akija na malalamiko asipotee njia.

Idara ilizaliwa hivi. Mkurugenzi wetu aliona viatu kwenye simu, vimeandikwa "safi kama vipya", akavinunua. Vilipofika, ndani ya kiatu cha kulia akakuta soksi. Moja. Haikuwa yake wala ya mtu anayemfahamu. Mtu wa kawaida angeitupa soksi akaendelea na maisha. Mkurugenzi aliunda idara yenye watumishi kumi na wanane.

Tatizo la kwanza lilikuwa kipimo. Usafi utaupimaje? Wapo waliopendekeza kunusa, lakini chama cha wafanyakazi kikakataa. Hapo ndipo mimi nilipobuni kitambaa. Ni pamba nyeupe, urefu mita moja, mhuri wa serikali pembeni. Kitu kinafutwa mara tatu mbele ya mwenyewe, halafu kitambaa kinatazamwa. Kitambaa kikionekana kichafu, kitu ni kichafu. Hakuna ubishi na hakuna upendeleo. Mkurugenzi alinipa mkono mbele ya watu wote, nami nilijisikia fahari mpaka machozi yakanilenga.

Kitu cha kwanza kupimwa kilikuwa jiko la mkaa la mwalimu mstaafu. Lilikuwa chafu, na kitambaa kilithibitisha bila kificho. Tangu siku hiyo tumepima vitu mia tatu na kumi na viwili, na vyote, narudia tena, vyote, vimeonekana vichafu. Hata mimi nilishtuka. Sikujua kwamba naishi na watu wa namna hii. Ripoti yangu ya robo mwaka niliipa jina "Hali ya Uchafu wa Wananchi: Hakuna Aliyepona", na Mkurugenzi aliisoma huku akitikisa kichwa kwa masikitiko.

Kuna watu wasio na elimu ya vipimo wanaouliza kwa nini kitambaa hakifuliwi. Kwa faida yao naeleza: kipimo hakiguswi. Umewahi kuona mwenye duka akichonga jiwe la mizani?

Sasa nije kwenye jalada la kitanda.

Mama Pacha ni msusi, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Pacha wake walikuwa wamekua, akapiga picha kitanda chao cha mbao, akakiweka mtandaoni. Aliyekitaka ni fundi cherehani mmoja, mjamzito wa miezi minane, ambaye amesubiri mimba hiyo miaka kumi na moja. Mazungumzo yao ya simu tuliyachapisha, na yamo jaladani kama ushahidi.

"Dada, kile kitanda bado kipo?"

"Kipo, mpenzi."

"Nisamehe kuuliza, lakini ni safi? Huyu ni wa kwanza, naogopa kila kitu."

"Uliza tu, ni haki yako. Nimekisugua kwa maji ya moto na sabuni, kimeshinda juani siku tatu. Godoro sikupi, limekojolewa na watu wawili, tafuta jipya. Na juu kwenye mbao utaona alama za meno. Hao ni wanangu, hazitoki hata ufanyeje."

"Hizo ziache. Nimezipenda."

Msomaji ameona mwenyewe. Wananchi wawili wamelimaliza suala zima la usafi kwa dakika nne, bila fomu, bila shahidi, bila mhuri. Kila mmoja amemwamini mwenzake hivi hivi tu. Nilipoyasoma mazungumzo hayo niliandika wito siku hiyo hiyo.

Mama Pacha alikuja na kitanda kwenye mkokoteni. Nilivaa glavu, nikakifuta mara tatu, nikakitazama kitambaa. Kichafu. Kwenye fomu nikaongeza: "Dosari za kung'atwa, kumi na nne."

"Mzee wangu," akasema, "kitanda hiki mtu angeweza kukilamba."

"Hiyo si njia inayotambulika. Kinaingia ghalani mpaka kiwe safi."

"Kitakuwaje safi na kimelala ghalani kwenu?"

"Unaruhusiwa kuja kukiosha. Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa sita. Maji unakuja nayo."

Alikuja nayo. Jumanne ya kwanza alisugua mpaka maji ya ndoo yakabaki meupe. Nikapima: kichafu. Alhamisi alikuja na brashi ya kucha, akaingia kila pembe, rangi ikaanza kubanduka. Nikapima: kichafu. Nilimwonea huruma, maana hakuna kitu kinachosikitisha kama mtu asiyejua kuosha.

Jumanne iliyofuata aliweka brashi chini, akasimama, mikono kiunoni.

"Hebu nionyeshe hicho kitambaa kabla hujafuta."

"Kabla ya kufuta hakitazamwi. Utaratibu ni kukitazama baada."

Aliokota brashi, akaitumbukiza kwenye ndoo. Nilidhani ameelewa.

Fundi cherehani naye alifika kaunta yetu siku hiyo hiyo, amejishika kiuno, akapanda ngazi moja moja. Nilimpa kiti, kwa sababu mimi si mnyama.

"Baba, naomba mniachie kitanda," akasema. "Mimi nina chumba kimoja. Humo ndimo nashona, humo ndimo nalala. Kitandani kwangu ndipo nakatia vitambaa. Pini, sindano, nyembe, vyote viko pale. Kila jioni naokota, na kila asubuhi kuna iliyonisubiri. Juzi nimekalia sindano. Mimi nimepiga kelele, nimeitoa. Mtoto wa siku mbili atamwambia nani?"

Nakiri, moyo uliniuma. Nilikwenda kwenye kabati nikamtolea Fomu Namba Tisa, Ombi la Kuharakishwa kwa Sababu za Kibinadamu.

"Inachukua siku ngapi?"

"Ishirini na moja. Za kazi."

"Mimi zimebaki kumi."

"Hilo, mama, liko wizara nyingine."

Hakulia. Aliikunja fomu mara nne kama kipande cha kitambaa kilichobaki, akaitia mfukoni na kushuka ngazi. Jioni hiyo sikula vizuri, nikalilaumu jiko la nyumbani.

Alhamisi ilikuwa siku kubwa. Waziri alikuja kuizindua ripoti yangu, na uzinduzi ulirushwa mtandaoni moja kwa moja. Uwanja ulipambwa. Gari lake jeusi liliegeshwa katikati, liking'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Waziri alihutubia kuhusu uchafu wa wananchi kwa uchungu mkubwa, na watu elfu arobaini walikuwa wakimtazama kwenye simu zao. Kwa kuwa Alhamisi ni siku ya kuosha, Mama Pacha alikuwepo na ndoo yake, na fundi cherehani ameegemea ukuta nyuma yake.

Mama Pacha akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mheshimiwa, sisi hatuna elimu. Kila tunacholeta ni kichafu. Tunaomba mzee apime kitu ambacho nyinyi wenyewe mnajua ni safi, tukione, tujifunze."

Waziri anapenda sana kufundisha. "Ombi zuri!" akasema. "Pima gari langu. Mama, tazama vizuri. Hili gari ni safi. Dereva wangu analiosha mara tatu kwa siku."

Nikavaa glavu. Nikafuta boneti mara tatu, taratibu, kwa heshima zote. Nikakikunjua kitambaa mbele ya kamera.

Mkurugenzi akasogea hadi begani kwangu.

"Mkaguzi," Mkurugenzi akanong'ona, "tazama vizuri."

"Nimetazama, bosi. Ni chafu."

"Tazama upande wa pili."

Upande wa pili ulikuwa bado na masizi ya lile jiko la mwalimu.

Waziri akacheka kicheko cha kwenye mikutano. "Haidhuru, haidhuru. Gari hili haliuzwi, kwa hiyo halihusiki."

Hapo, ndugu msomaji, weka hili akilini. Ningeweza kunyamaza. Lakini miezi mitatu nimezuia magodoro, sufuria za kina bibi, gauni la harusi la binti aliyekuwa analia mbele yangu, na sikuwahi kuyumba. Nikafungua kitabu. Kanuni ya Nne inasema kinachohusika ni kitu chochote kilichotumiwa na mtu, kikapita kwa mwingine, kisha kikaonyeshwa mtandaoni na kuitwa safi bila idhini. Kuuzwa hakukutajwa, aliyeiandika alikuwa na haraka ya kwenda likizo. Gari lilitumiwa na waziri aliyetangulia. Likapita kwa huyu. Na dakika moja nyuma, mbele ya watu elfu arobaini, ameliita safi kwa kinywa chake mwenyewe.

"Sheria ni msumeno, mheshimiwa," nikasema, "hukata mbele na nyuma." Nikabandika stika nyekundu kwenye kioo cha mbele.

Mkurugenzi akanishika kiwiko. "Bandua hiyo stika."

"Niibandue kwa fomu gani, bosi?"

Fomu ya kubandua hatukuwahi kuitengeneza, kwa sababu haikuwahi kuhitajika.

Waziri akachungulia simu ya msaidizi wake. Sijui watu walikuwa wameandika nini humo, lakini alipoinua uso alikuwa anatabasamu kama mtu mwenye jino bovu. "Sheria ifuate mkondo wake," akasema. "Hakuna aliye juu ya sheria." Watu wakapiga makofi sana, na kadiri walivyopiga ndivyo alivyozidi kushindwa kurudi nyuma.

Likaja suala la utekelezaji. Kitu kilichozuiwa hulala ghalani, na ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Gari la waziri haliwezi kulala nje kama mbuzi. Mkurugenzi, jasho likimtiririka, akaamuru ghala litolewe vitu vyote. Watumishi kumi na wanane wakavua makoti, wakabeba. Vikatoka magodoro, viti, baiskeli, feni, gauni la harusi, jiko la mwalimu, na mwisho kitanda cha mtoto. Vyote vikapangwa uwanjani, na gari likasukumwa ndani.

Wenye vitu walikuwa wanatazama kwenye simu. Walianza kuingia getini mmoja mmoja, halafu kumi kumi. Kila mtu akaenda moja kwa moja kwenye chake.

Mlinzi akanijia mbio. "Mkuu, wanachukua! Nifunge geti?"

Nikafungua kitabu. Kinakataza mtu yeyote kutoa kitu ghalani. Hakikusema neno hata moja kuhusu kutoa kitu uwanjani. Nilisoma mara mbili. Wakati nasoma, Mama Pacha alishika kitanda upande wa kichwa. Fundi cherehani alitaka kushika upande wa miguu.

"Wewe acha," Mama Pacha akamwambia. "Una mzigo wako."

Mkaguzi mmoja wa daraja la pili akaja kushika upande ule. Nilimwona. Nilikuwa bado nasoma.

"Mkuu?" mlinzi akauliza tena.

"Geti liache hivyo hivyo," nikamwambia. "Kitabu hakijasema lifungwe."

Mtoto alizaliwa Jumatatu, msichana. Mama Pacha ndiye aliyenipa habari, alipopita kaunta kuchukua ndoo yake aliyoisahau. Alisema mtoto analala vizuri, na sindano zote ziko upande wa pili wa mbao. Nilifurahi, na sioni sababu ya kuficha.

Jumanne, saa nne kamili, Waziri alifika ghalani kuosha gari. Kanuni inasema mwenye kitu aoshe kwa mikono yake, na dereva si mwenye kitu, kwa hiyo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akila karanga. Watu elfu tisini walikuwa wanatazama. Waziri alikunja mikono ya shati, akapiga magoti, akaanza na magurudumu.

"Mheshimiwa," dereva akasema, "hapo chini ya taa hujafika."

Akafika. Alipomaliza nikavaa glavu, nikafuta mara tatu, nikatazama. Sikuhitaji kusema kitu, alikuwa ameiona sura yangu.

"Alhamisi," nikamwambia. "Uje mapema, foleni huwa ndefu."

Alijifuta jasho kwa kiwiko, akasogea karibu, mbali na kamera. "Niambie ukweli, Mkaguzi. Yule mama wa kitanda naye hakufaulu hata mara moja. Aliwezaje kukitoa?"

"Hakukitoa yeye, mheshimiwa. Alikiosha, akasubiri, mpaka likaingia gari la mkubwa. Hapo vitu vya wadogo vikatolewa kupisha."

"Sasa mimi nisubiri nini?"

"Mkubwa zaidi yako."

Waziri aliinua macho kwenye picha ya Rais iliyotundikwa juu ya mlango wa ghala. Kisha akainama, akachovya brashi kwenye ndoo, akaanza upya na gurudumu la mbele.