Rekodi Iliyoitwa FUTA

Kwii. Kwii. Halafu ting! Huo ni mlio wa Marwa akikaza nyuzi za litungu lake. Nausikia mpaka sasa, na ndio ulioniumbua leo mchana, jamani.

Kwa msiotujua: sisi ni kikundi cha watu watatu hapa Turwa. Marwa litungu, Ghati sauti, mimi debe na kengele ya baiskeli. Hatutungi wimbo. Tunaanza tu, kila mtu anafuata masikio yake mpaka tuchoke. (Majirani wanasema wao huchoka kabla yetu.) Tulirekodi albamu yetu ya kwanza kwa simu yangu. Wiki mbili baadaye Marwa akafariki.

Leo tukaizindua, sebuleni kwa mama yake. Kwani tungeizindulia wapi? Majirani walijaa hadi mlangoni. Mimi na gauni nililovaa kwenye harusi ya dada. Nikahutubia! Nikaunganisha simu na spika, nikabonyeza.

Kwii. Kwii. Ting.

Mzee mmoja akauliza, "Binti, wimbo unaanza saa ngapi?"

"Ndio huu, babu," nikajibu kwa maringo. "Huu ni muziki huru."

Ghati akanifinya. "Bhoke! Si ile ya kukaza nyuzi hii?"

Mungu wangu. Kabla sijaifikia simu, sauti yangu mwenyewe ikatoka kwenye spika: "Marwa, ugali wa mama yako leo tungeujengea ukuta!"

Kisha Marwa akacheka. Kile kicheko chake kirefu, kinachoishia kwenye kikohozi.

Nyumba nzima ikanigeukia. Mama Marwa alikuwa amesimama na sinia mkononi. (Sinia la nini? La ugali.)

"Mama, nisamehe. Nimekosea rekodi. Ngoja nikuwekee albamu yenyewe."

"Acha." Akaweka sinia chini. "Rudisha hapo."

"Hapo... kwenye ugali?"

"Hapo alipocheka."

Nikarudisha. Mara nne. Ya tano akacheka naye, kisha akajifunika uso kwa kanga. Albamu hakuna aliyeikumbuka tena.

"Siku ile unga ulizidi kweli," akasema humo humo ndani ya kanga.

Mkinikuta sokoni Nkende, tafadhali, mtu asiniulize habari za ukuta.

Nimerudi nyumbani, nikafunga mlango, nikafungua simu. Rekodi ile nilikuwa nimeiita FUTA. Nimelitoa hilo neno, nikaandika: Wimbo wa Kwanza.