Nusu Sauti Chini

Jumatatu, 3 Novemba 1727

Tangu asubuhi nazunguka chumba. Sababu naijua. Bibi wa Kasri ametangaza kwamba baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martin atabaki na mpiga filimbi mmoja tu. Mmoja! Na tuko wawili. Mimi, Balthasar Quitt, niliyezeekea humu kasrini, na Florian Haberkorn, aliyekuja juzi tu na soksi zake za hariri.

Mimi napuliza filimbi ya wima, ile ya baba zetu. Mdomo juu, vidole chini, mtu amesimama kwa heshima zake. Haberkorn anapuliza hii mpya ya ubavuni, shingo imempinda kama anang'ata paja la bata. Eti ndiyo mtindo wa sasa. Mtindo!

Nikikosa nafasi, nyumba inakwenda. Nyumba ni ya kasri, kuni ni za kasri, hata bia. Na dada Kunigunde, ninayeishi naye, ana kifua kisichovumilia baridi. Nimemweleza. Akasema basi nifanye mazoezi kama watu wengine. Dada huyu hajui dunia inavyokwenda. Mazoezi hata Haberkorn anafanya.

Siku ya Martin, kabla bata bukini hajaletwa mezani, kila mmoja atapiga sonata moja, muziki wa sehemu kadhaa, akisindikizwa na hapsikodi, kile kinanda cha nyuzi. Hapo ndipo itakapoamuliwa. Nina mpango.

Jumatano, 5 Novemba

Imefika! Filimbi mpya ya wima, niliyoiagiza mjini Nuremberg mwezi jana uvumi ulipoanza. Mti wa manjano, laini kama shavu la mtoto, na pete za pembe za ndovu. Nimempa mchuuzi koti langu la baridi. Sijuti. Nimeipuliza jikoni, Kunigunde akaacha kukata kabichi, akasema lo, hii inaimba! Halafu akauliza koti liko wapi. Nikatoka.

Nikapita ukumbini nikamwambia kila mtu. Nikamwambia na Bibi wa Kasri mwenyewe, aliyekuwa akimlisha biskuti kijibwa chake Amor. Akasema ana hamu kubwa ya kuisikia. Nikainama mpaka kiuno kikalia.

Ndipo nikaenda kwa Mzee Kropp, mpiga hapsikodi wetu. Tukaanza sonata. Yesu na Maria! Kama paka wawili ndani ya gunia. Filimbi iko chini ya hapsikodi kwa nusu sauti kamili, ile hatua ndogo ya ngazi ya muziki.

Mzee Kropp akaniuliza kwa upole kama wakati wa kuagiza nilisema inatakiwa kwa kimo gani. Kila mji una kimo chake cha sauti, hata mtoto wa kwaya anajua: kinanda cha kanisani kwetu kiko juu, hapsikodi ya kasri iko katikati, Wafaransa wako chini kabisa. Lazima useme. Sikusema. Si kwamba nilisahau. Nilikuwa na haraka.

Kurudia ile ya zamani haiwezekani. Inakohoa kwenye sauti za juu, na sasa watu wote wanaingoja mpya. Mzee Kropp akanipiga begani, akasema niachie mimi, mwanangu, wewe puliza tu. Akarudia supu yake. Nawajua wazee. Hivyo ndivyo wanavyosema hata paa likivuja.

Ijumaa, 7 Novemba

Haberkorn kanikuta kwenye ngazi. Shikamoo, mzee! Kila siku shikamoo, mbele ya watu, na tumepishana miaka minane tu! Akaomba kuiona filimbi. Akaigeuza, akaipuliza mara moja, akatabasamu. Akasema nzuri sana, mzee wangu, ila inaimba kama iko ndani ya kisima.

Kisha akanionyesha yake. Kipande cha kati kinatoka, anaweka kifupi au kirefu, ikapanda au ikashuka apendavyo. Anavyo vipande vitatu kwenye kijaluba cha ngozi. Siku ya Martin lakini hatahangaika navyo, akasema, hapsikodi ya hapa ameshaipima, ataweka kile kifupi na kumaliza kazi.

Nikamwambia vizuri, kijana wangu, vizuri sana. Nikashuka ngazi mbili mbili kwa furaha. Nimepata! Filimbi haishuki wala haipandi. Lakini hapsikodi je? Ina nyuzi. Nyuzi zinalegezwa! Nikiishusha nusu sauti kwa siri, mimi nitakaa sawa kabisa, naye Haberkorn na kipande chake kifupi ataning'inia hewani. Mzee Kropp nisimwambie. Mzee mwema, lakini mwaminifu mno, atamtonya Haberkorn.

Usiku sikulala. Nilikuwa nalegeza nyuzi kichwani.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo kasri zima limekwenda kuwinda nguruwe mwitu. Nimeingia ukumbini na ufunguo wa kukazia nyuzi ndani ya soksi. Amor peke yake ndiye aliyekuwepo, ameketi juu ya mto, ananitazama.

Kazi gani hii! Kigingi kimoja kimoja, nusu sauti, sikiliza, nusu sauti. Kila mlango ukijibamiza, nachutama nyuma ya hapsikodi. Uzi mmoja ukakatika, PAA! Amor akabweka, nikampa biskuti. Akabweka tena, nikampa tena. Kijibwa hiki kinajua kudai. Uzi nikauficha mfukoni. Ulikuwa wa chini kabisa, sonata yangu haifiki huko.

Mwisho nikajaribu filimbi. Mungu wangu, utamu! Sauti mbili zimelala pamoja kitanda kimoja. Nikatokwa na machozi.

Limebaki jambo moja. Desturi yetu, kabla ya kuanza, mpiga filimbi anaomba sauti moja ya hapsikodi ajipime. Kesho siombi. Haberkorn akiisikia mapema atapata muda wa kwenda kutafuta kipande kirefu. Nitapiga wa kwanza, nitaingia moja kwa moja. Kunigunde ameuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia ni imani.

Jumanne, 11 Novemba, Mtakatifu Martin

Nife tu.

Niandike. Ukumbi ulijaa. Harufu ya bata bukini inaingia kwa mlango wa jikoni. Kunigunde amekaa nyuma na shali yake, mikono imeshikana. Nikasimama. Mzee Kropp akanitazama, kidole juu ya hapsikodi, akingoja niombe sauti. Nikatikisa kichwa. Akashangaa kidogo, akanikonyeza. Ule ukonyezo ulipaswa kunitisha. Nikaingia.

Paka ndani ya gunia! Wale wale!

Nilidhani nimekufa. Hapsikodi iko nusu sauti chini yangu. Vipi? Nilishusha mwenyewe, kigingi kwa kigingi! Nikatupa vidole chini nusu sauti ili nimfuate. Sekunde ile ile Mzee Kropp akapanda nusu sauti anifuate mimi. Nikapanda. Akashuka. Kama watu wawili waliokutana kwenye korido nyembamba, kila mmoja anampisha mwenzake upande ule ule. Sehemu ya kwanza yote tulipishana hivyo! Kwenye sehemu ya polepole, ambako hadhira hungoja mpiga filimbi apambe wimbo kwa madoido yake mwenyewe, madoido yangu yote yalikuwa ya kumtafuta Kropp. Amor akainua pua akalia kwa uchungu. Bibi wa Kasri akaficha uso kwa upepeo wake. Mabega yakawa yanamruka.

Tukamaliza pamoja. Kwa bahati tu.

Haberkorn akasimama. Akaomba sauti moja. Akaisikia, akainua nyusi, akatia mkono mfukoni. Kijaluba! Kumbe anatembea nacho! Akabadilisha kipande kwa muda wa kupiga chafya mara mbili, akapiga kama malaika. Siwezi kukataa. Malaika mwenye shingo iliyopinda.

Baadaye Mzee Kropp kanivuta pembeni. Yeye, maskini, alikuwa ameamua kunishushia sonata nzima nusu sauti, kwa vidole. Mpiga hapsikodi huandikiwa sauti ya chini tu na tarakimu juu yake, mengine hutunga papo hapo, na kushusha kwake si kitu. Kila Jumapili kanisani anashusha hivyo kwa sababu ya kile kinanda cha juu. Mimi nimeshusha nyuzi, yeye ameshusha vidole. Akauliza, mwanangu, kwa nini hukuniambia? Mimi! Yeye ndiye hakuniambia!

Bata bukini sikumla. Kunigunde alinifungia paja kwenye leso. Njia nzima alikuwa anakohoa tu.

Jumatano, 12 Novemba

Asubuhi Kunigunde alianza kufunga masufuria kwenye majani makavu. Sikuweza kumtazama. Nilikaa juu ya sanduku nikasikia kikohozi chake, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwa ajili yake, si yangu.

Saa ya chakula Mzee Kropp akaja akihema. Amekwenda mwenyewe kwa Bibi wa Kasri kunisemea. Nafasi ni ya Haberkorn, hilo limepita. Lakini Bibi amesema hajacheka hivyo tangu bwana wake afariki, na mtu wa namna hiyo hawezi kutupwa barabarani kwenye theluji. Nimepewa kazi ya kutunza chumba cha ndege! Wale wadogo wa kifua chekundu, wanaofundishwa nyimbo kwa filimbi. Nyumba inabaki. Kuni zinabaki. Bia nusu.

Kunigunde akalia, akambusu Mzee Kropp mikono yote miwili, kisha akanigeukia akaniapisha mbele ya msalaba kwamba nimeachana na hila. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Ijumaa, 14 Novemba

Ndege ni viumbe wa ajabu! Unampigia wimbo mmoja tena na tena, mwisho anaushika, na akishaushika hausahau maisha yake yote. Mwalimu akiukosea, ndege naye ataukosea hivyo hivyo mpaka kufa.

Na Bibi wa Kasri amesema Krismasi vizimba vyote viletwe ukumbini, vipangwe nyuma ya Haberkorn anapopiga sonata.

Leo nimeanza kuwafundisha sehemu yake ya polepole. Nusu sauti juu. Yule mnene kizimba cha tatu ana akili sana.

Mzee Kropp kapita mlangoni, akauliza ninawafundisha nini. Nikasema zaburi. Kunigunde naye nimemwambia zaburi. Safari hii hakuna atakayejua hata neno moja. Mara ile hapo ndipo nilipokosea: niliongea mno.