Hodi Tatu, Hakuna Aliyeitika

Jamani, leo nimeadhirika. Naandika harakaharaka, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka, nisameheni.

Mnajua leo wazee wa Bakari, mchumba wangu, walikuwa waje kwetu Makorora, kutoka Horohoro, kuleta barua ya posa. Posa yenyewe imeshaahirishwa mara mbili, na Bakari aliniambia wazi: "Mjomba Mbaruku akirudi na barua mkononi safari hii, haji tena." Mtu mwenye akili siku kama hiyo angetulia chumbani. Mimi nilifungua kompyuta. (Najijua.)

Mnaikumbuka ile assembla ninayoitengeneza, programu ya kugeuza maagizo yangu kuwa namba ambazo chipu inazielewa. Ndani yake kuna leksa, sehemu inayosoma maandishi neno kwa neno. Na kuna makro: unaandika mistari mingi mara moja, unaipa jina, na kila ukitaja jina hilo leksa inakuwekea mistari yote. Sasa leksa yangu ilikuwa na ugonjwa. Ikiona jina la makro hata kwenye maelezo ninayojiandikia mwenyewe pembeni, inalipanua. Maelezo yakiwa ndani ya makro hiyohiyo, inajipanua bila mwisho mpaka kompyuta inaganda.

Asubuhi nikaitibu. Badala ya kuifundisha kuruka maelezo, niliiwekea kikomo: ukijipanua mara mia, acha. (Uvivu. Nakiri.) Haikuganda. Nikapiga vigelegele peke yangu!

Nikaijaribu kwenye kengele ya mlango ninayomtengenezea mama, kisanduku chenye betri na spika. Ukibonyeza, kinasubiri sekunde tano, kinasema "hodi" kwa sauti yangu niliyoirekodi. Mara tatu, basi, kama adabu inavyotaka: hodi tatu, usipoitikiwa unarudi zako. Nikabonyeza. Kimya. Nikaona betri imekufa, nikakisukumiza kabatini sebuleni nyuma ya sahani za kaure, nikaenda kuoga.

Ndiyo kwanza natoka bafuni. Mama anafukiza ubani sebuleni, shangazi Zaina anapanga mito. Tukasikia:

"Hooodiii."

Sauti nzito, ya mwanamume, imechoka.

"Karibu!" mama akaitika, akaenda kufungua. Hakuna mtu. Uchochoro mtupu, jua linawaka, hata kuku hapiti. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Dakika kama nane zikapita. "Hooodiii." Safari hii tulikuwa sebuleni sote watatu, na sote tuligeuka kutazama upande mmoja. Si mlangoni.

"Huyu yumo ndani tayari," shangazi akanong'ona. "Sasa aomba ruhusa ya nini?"

Mimi, mwenye shahada ya kompyuta, ndiye niliyekuwa wa kwanza kupanda juu ya kochi.

Ikaja ya tatu, nzito kuliko zote. Mama akazima feni. "Asiitike mtu. Ukimwitikia umemkaribisha."

"Wewe si ulishamwitikia?" shangazi akamuuliza.

Tukakaa kochini tumeshikana mikono, tunasoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona. Moshi wa ubani ulikuwa umesimama palepale, hauendi popote. Niliogopa kweli, sitanii.

Mara: "Hodi!" Hii ilitoka mlangoni.

"Sasa wamekuwa wawili," shangazi akasema.

"Hodi, wenyewe!" Chini ya mlango tukaona vivuli vya miguu. Mingi. "Hodi!" Hakuna aliyepumua. Kisha miguu ikageuka, ikaenda zake. Mama akasema alhamdulillahi.

Simu ikalia. Bakari. "Mwanahamisi, mmefanya nini? Wazee wamepiga hodi tatu, wanasikia watu wananong'ona ndani, hakuna anayeitika! Mjomba anasema jibu ameshalipata. Wanaelekea kituo cha basi."

Kabla sijasema neno: "Hooodiii." Sahani za kaure zikatetemeka. Na nyuma yake, taa ndogo nyekundu.

Nikaelewa yote nikiwa juu ya kochi. Kusubiri nako nilikuwa nimekuandikia makro, na jina lake lilikuwa kwenye maelezo ndani yake, ugonjwa uleule: ikajirudia mara mia. Sekunde tano mara mia, dakika nane na ushei. Hodi tatu nazo sasa zilikuwa mamia. Na betri iliyochoka ilikuwa imeivuta sauti yangu mpaka ikawa ya mzee. Nilikuwa najikimbia mwenyewe.

Nikatoka mbio na kile kisanduku. Binti anayeposwa haonekani na wakwe siku hiyo, hilo hata mtoto wa Makorora analijua. Mimi nikawatokea barabarani na kanga mbili, nywele zinachuruzika maji, kandambili mguu mmoja.

"Shikamooni wazee! Msiondoke! Aliyetufanya tusiitike ni huyu!"

Mzee Mbaruku akatazama kisanduku, akanitazama mimi. "Huyu nani?"

"Atasema mwenyewe. Subirini dakika nane."

Wakasubiri, jamani! Wazee watano wenye kanzu, juani, barua mkononi, na mtaa mzima umetoka kututazama. Mimi katikati, nimeinua kisanduku, nalia.

"Hooodiii."

Mzee Mbaruku akaruka nyuma, kofia ikadondoka, mdomo ukamponyoka: "Karibu!"

Mtaa ulivunjika mbavu. Yeye akaokota kofia yake taratibu, akaipangusa. "Turudini tukampose," akasema, "kabla hajatuletea mwingine."

Barua imepokelewa. Betri nimeitoa, iko hapa mezani ninapoandika. Tafadhalini msicheke, na mkija kunipongeza pigeni simu kwanza, maana sasa hivi kuna mtu anapiga hodi na humu ndani hakuna anayenyanyuka.