Mpwa Wangu Amefaulu Kusikia

Jumatatu, 6 Mei

Kibao kimepanda leo. MSHAURI WA WAZAZI: TATHMINI, UHAMISHO, RUFAA. Nimekitundika mlangoni kwa kinyozi, chini kidogo ya picha za mitindo ya nywele. Kinyozi amekubali benchi lake la wateja liwe ofisi yangu, kwa sharti kwamba nisiongee siasa na jioni nifagie nywele. Mshauri kufagia nywele. Haidhuru, nitaajiri mtu.

Kabla ya hapa nilikuwa nafundisha tuisheni. Wanafunzi walipungua mmoja mmoja mpaka tukabaki mimi na ubao. Fitina za watu.

Sasa wakubwa wa elimu wameamua kwamba mtoto mwenye shida darasani lazima apimwe kwanza ndipo apewe msaada. Wazazi wanazunguka maofisini hawajui waingilie mlango gani. Mtu mwenye akili akiona hivyo anaona kazi. Kwa bahati mbaya aliyeiona kwanza ni Miwani.

Miwani ni karani mstaafu anayekaa kwenye ngazi za ofisi ya elimu na kuwaelekeza wazazi. Nimemchunguza kimyakimya. Watoto wake wote wanafeli. Mtoto anapimwa macho, anafeli. Anapimwa kusoma, anafeli. Halafu wazazi wanatoka wanamshika mkono kwa mikono miwili, wanamshukuru! Sijapata kuona watu wanaoridhika na kidogo namna ile.

Watoto wangu mimi watafaulu.

Jumanne, 7 Mei

Mteja wa kwanza ni dada yangu mkubwa. Ningependa kuanza na mtu baki, lakini ndiyo hivyo. Alikuja na binti yake, mpwa wangu, anayerudia darasa la pili.

Dada hakuzunguka. Alisema anaamini mtoto hasikii. Akimwita kwa nyuma, haitiki. Akimwambia jambo huku wanatazamana, anaelewa. Shuleni wamemweka nyuma kabisa, na mwalimu mkuu anasema ni mzito na jeuri. Muhula huu ukiisha bila karatasi ya wapimaji, dada atafute shule nyingine, na shule nyingine haipo. Wapimaji wenyewe wanakuja mara moja tu kwa mwaka, na zamu yetu ni wiki ijayo. Wakiona kwamba hasikii, atapewa vifaa vya masikioni, na nafasi kwenye darasa dogo la shule ya jirani lenye mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Alinishika kiganja. Alisema mimi ndiye ninayezijua ofisi katika ukoo mzima, nisimwangushe.

Nilimwambia aondoe shaka, mitihani ndiyo fani yangu. Akasema si mtihani, ni tathmini. Nikamwambia hayo ni majina tu, dada.

Wakati wote huo mtoto alikuwa ameketi karibu na kiti cha kunyolea, anachora nyumba kwa kidole katika nywele zilizodondoka. Kinyozi akaangusha beseni la bati nyuma yake. Mteja aliruka, nusura akatwe sikio. Mtoto hakutikisika. Utulivu wa aina hiyo ni mtaji mkubwa siku ya mtihani.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda kupeleleza chumba cha tathmini. Wapimaji wamefika mapema wanapanga vyombo. Mlinzi akanisimamisha, akauliza mimi nani. Mdomo ukafanya kazi kabla ya kichwa: nikasema fundi wa feni. Kumbe feni ilikuwa mbovu kweli na fundi alikuwa anasubiriwa tangu asubuhi. Nikapewa stuli na bisibisi. Sijawahi kufungua feni maishani mwangu.

Lakini bahati ikikupenda inakupandisha juu. Mpimaji, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, alipoona nakitazama kisanduku chake akanieleza kwa fahari. Mtoto anavalishwa masikioni vile vya kusikilizia. Kisanduku kinatoa mlio, kila mara unafifia zaidi. Akiusikia, anainua mkono. Basi. Na kila mlio unapotoka, kitaa chekundu kinawaka upande wa mpimaji, ambako mtoto hakioni.

Mtoto hakioni. Fundi aliye juu ya stuli nyuma ya mpimaji anakiona.

Kwa furaha nikadondosha parafujo. Feni nilipoikuta ilikuwa inazunguka kwa kusuasua. Nilipoiacha haizunguki kabisa. Nimesema kuna kipuri kinatakiwa, nitarudi Jumanne. Mama wa watu akanishukuru.

Jumamosi, 11 Mei

Mazoezi nyumbani kwa dada, yeye akiwa kwenye cherehani zake. Nilimkalisha mpwa wangu kwenye kiti, nikamvisha kilemba cha mama yake masikioni, mimi nikasimama karibu na pipa la maji na bisibisi mkononi. Nikizungusha bisibisi, ainue mkono. Nisipozungusha, atulie. Akipatia, peremende.

Mwanzoni aliinua mkono hata nilipojikuna. Kufika adhuhuri alikuwa hakosei. Mtoto huyu anamtazama mtu kwa macho ambayo sijayaona kwa mwanafunzi yeyote, hapepesi. Mzito gani? Nikajificha nusu nyuma ya pazia, akapatia. Nikazungusha kidogo tu kwa kidole gumba, akapatia. Kila akipatia alicheka, akaniangalia kuona kama na mimi nacheka. Nami nilikuwa nacheka, sikatai.

Dada alirudi akatukuta. Akasimama mlangoni na vitambaa vyake begani. Akauliza tunacheza nini. Nikasema mchezo wa kusikiliza. Akasema hajamwona akicheka na mtu mzima tangu alipoanza shule, akaingia ndani kufuta macho. Mpango sikumweleza. Siri za kazi haziwekwi wazi kwa mteja, hata akiwa ndugu.

Jumanne, 14 Mei

Siku yenyewe. Mkono wangu wa kulia hauinuki, naandika kwa tabu.

Kwenye ngazi tulimkuta Miwani na mama mmoja mwenye mtoto wa kupimwa macho. Alikuwa anamwambia wasimfundishe mtoto chochote, aseme anachokiona, na asichokiona aseme hakioni. Nilicheka waziwazi. Mtu anamwendea mshauri, anaambiwa asifanye kitu! Miwani akaendelea kumwelekeza mama yule.

Wazazi hawaruhusiwi chumbani. Dada akabaki kwenye ngazi. Fundi akapita. Mpimaji alifurahi kuniona, akasema nifanye kazi yangu taratibu nisimshtue mtoto. Nikapanda stuli. Mpwa wangu akanitafuta kwa macho, akanipata, akakaa wima.

Kitaa, bisibisi, mkono. Kitaa, bisibisi, mkono. Hakukosa hata mmoja. Mpimaji akapunguza mlio. Mkono juu. Akapunguza tena. Mkono juu. Akavaa yeye mwenyewe, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa mshangao, akamvisha tena mtoto. Mkono juu. Hapo waya gani sijui uligusana na waya gani, feni ikawaka, panga lake likanipiga kisogoni na begani. Sikuacha kuzungusha. Niandike tena ili ijulikane: nilipigwa na feni na sikuacha.

Mpimaji alisema katika kazi yake yote hajakutana na masikio kama yale. Akaandika palepale. Usikivu: bora kabisa. Huduma: haihitajiki. Arudi darasa la kawaida, shule iangalie nidhamu yake.

Nilitoka nimeinua karatasi juu. Dada akaisoma, akaketi kwenye ngazi. Akaisoma tena. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia amefaulu. Akauliza mara ya pili, nikamweleza yote, kitaa, bisibisi, stuli, kisogo. Nilitegemea angalau pole ya kisogo.

Alisema alitaka waone kwamba hasikii. Hilo tu. Alitaka mtu mmoja mwenye mhuri aone kile anachokiona yeye kila siku.

Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Dada akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Yule mtoto wa Miwani alifeli, bila shaka. Mama yake alikuwa analia kwa furaha. Watu wana mambo.

Jumatano, 15 Mei

Dada alirudi kwa mpimaji kabla ya ofisi kufunguliwa, kusema ukweli. Mpimaji alimsikiliza kwa upole, akamwambia kila mwaka wapo wazazi wanaokataa majibu, yeye ameyaona kwa macho yake. Dada akasema muulize fundi.

Nikaitwa. Nilikuwa hapo nje, nimekuja kuulizia habari za feni nyingine, maana mlinzi alinidokezea kwamba jengo zima lina feni mbovu na wanatafuta fundi wa kudumu. Nikasimama katikati ya chumba. Mpimaji akaniuliza kama nilimwonyesha mtoto ishara yoyote. Dada aliniangalia.

Nikafikiria feni za jengo zima. Nikafikiria mlinzi, na kibao changu, na sura ya Miwani akisikia. Nikasema mimi ni fundi tu, mambo ya masikio siyajui.

Mpimaji akamwambia dada waonane mwakani. Dada alinipita mlangoni bila kunigusa. Nilimwita nje, nikamweleza kwamba mwakani tutajipanga vizuri zaidi. Akaendelea kutembea. Hasira zake huwa hazidumu, namjua tangu utotoni.

Ijumaa, 17 Mei

Dada amekuja kwa kinyozi. Hakuingia, alizungumza akiwa kizingitini. Kinyozi alizima mashine.

Mtoto amerudi darasani, kiti kilekile cha nyuma. Sasa kila mwalimu akizungusha chaki vidoleni, anainua mkono. Mwalimu akigeuza kitasa, anainua mkono. Anatazama, anatabasamu, anainua. Darasa zima linavunjika mbavu. Mwalimu amesema anadhihakiwa. Jana alimsimamisha uani juani mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na kengele ilipolia mtoto hakuisikia, akaendelea kusimama mpaka mama yake alipomfuata. Mwalimu mkuu alimtikisia dada ile karatasi usoni: mtoto anasikia, wataalamu wamesema, basi ni jeuri, na hapa jeuri hatakiwi. Wamemwondoa. Hawakungoja hata muhula uishe.

Dada alisema mtoto amemuuliza kwa ishara alikosea wapi, mbona aliinua mkono vizuri na hakupewa peremende.

Kinyozi aligeukia ukutani. Mimi nilimwambia dada jambo la busara, kwamba kama mtoto hasikii, ripoti ingesema. Ripoti imesema anasikia hadi mlio usiosikika na mpimaji mwenyewe. Mimi ni nani nipinge mtaalamu? Labda kweli ni jeuri kidogo. Tuwe wakweli, kwetu ujeuri upo.

Dada alisema nisimkanyagie tena nyumbani kwake. Kisha akashukuru, sijui kwa nini, nadhani ni mazoea.

Jumatatu, 20 Mei

Sifa zimeenea. Mlinzi ameniambia kuna mtoto wa mtaani kwetu aliyevunja rekodi ya masikio. Leo wamekuja wazazi, kinyozi kaongeza benchi huku kanuna. Nimeongeza mstari chini ya kibao: HAKUNA MTOTO ALIYEFELI MIKONONI MWETU. Miwani alipita, akausoma, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Wivu.

Mteja wa leo ni seremala. Binti yake haoni ubaoni, anashika daftari karibu na pua. Wapimaji wako wilaya ya jirani mpaka mwisho wa wiki, tutawafuata huko. Seremala aliuliza kwa unyenyekevu kama mtoto atapata miwani. Nikamwambia asijishushe. Herufi za kupimia macho nimeshazinakili, binti atazikariri kutoka juu hadi chini, atazisema hata akifumba macho. Alitaka kuuliza kitu kingine, nikamwambia aniachie mimi.

Jioni, nikirudi, nilimwona mpwa wangu barabarani mbele yangu, amebeba nyuzi za mama yake. Nikaona huu ndio wakati wa kupatana. Nilikuwa na peremende mfukoni. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita kwa sauti, watu wote wakageuka isipokuwa yeye. Lori likaja nyuma yake likapiga honi, likapiga tena, dereva akakanyaga breki na kumtukana dirishani, bampa imebaki shibiri na mgongo wake. Bado anatembea tu katikati ya barabara, anahesabu rangi za nyuzi.

Mtoto mwenye masikio kama yale. Mjomba wake aliyemfanya afaulu anamwita, hata kugeuka hataki. Mama yake kamjaza maneno.